Afande wa Nakaloke

Mimi nauza sufuria. Nilivuka mpaka kutoka Bungoma nikapanga nyumba ya chumba kimoja na sebule hapa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Siku ya tatu mvua ikanyesha hadi kwenye godoro langu. Nilimwendea mwenye nyumba, Mama Nanyama, nikamfokea kwa Kiswahili changu cha nyumbani: "Paa lile litazibwa leo!"

Mama wa watu akarudi nyuma hatua mbili. "Ndiyo, afande."

Upande huu wa mpaka Kiswahili ni lugha ya jeshi; mtu akifoka kwa Kiswahili, watu hudhani ni mwanajeshi. Sikudanganya mtu, nilinyamaza tu. Kufika saa kumi paa lilikuwa limezibwa, na wapangaji wenzangu wakaanza kupunguza redio nikipita.

Aliyenitia wasiwasi ni Otim wa mlango wa pili, askari jela. Kila asubuhi aliweka buti zake nyeusi mlangoni, zinang'aa, na hata mbwa walizipita kwa mbali. Huyu, nikajisemea, ndiye atakayeniumbua.

Jumapili akabisha hodi. Alisimama wima, jasho likimtoka.

"Afande, nakuomba usiniripoti. Mimi si askari jela. Ni kinyozi tu, nimetoka Jinja. Hizo buti nilinunua sokoni, ndio mama mwenye nyumba asinisumbue."

Kicheko kilinibana, nikakimeza. Nikamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Kinyozi," nikafoka, "kila asubuhi utaniletea maji, madumu mawili. Na uje umevaa buti!"