Kabati la Koridoni

Mkunga wa kwanza alilisifia kabati, na papo hapo mke wa seremala akajua kwamba siye.

Alikuwa mama mwenye sauti laini na mikono safi, aliyeletwa na seremala kutoka mtaa wa pili. Alipofika koridoni alisimama, akapitisha kiganja juu ya milango ya kabati, akasema tangu azaliwe hajaona kazi kama ile. Seremala akavimba kwa furaha. Akamweleza, kama alivyomweleza kila mgeni, kwamba humo ndani hamna msumari hata mmoja, ni mbao zilizoumana kwa gundi tu, na kwamba alilijenga hapo hapo koridoni, ubao kwa ubao, mwaka waliooana. Halikuingilia mlango wowote na halingeweza kutokea mlango wowote. Mkunga akacheka, akajibana ubavu, akapita kwenda chumbani kukitazama kitanda.

Alipoondoka, mke alisema moyo wake haujamkubali. Mume akataka kujua kosa la yule mama ni lipi. Mke hakulitaja, kwa sababu alilokuwa nalo lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya nyumba ile.

Mimba yao ya kwanza ilikuwa mikononi mwa shangazi yake seremala, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa, seremala mwenyewe akiwemo. Uchungu ulianza vizuri, kisha ukasimama, na shangazi hakusubiri. Alisema hospitali, sasa hivi, na abebwe akiwa amelala. Wakambeba juu ya godoro. Kwenye kona ya korido godoro likagoma. Wakaliinamisha, wakalikunja, wakarudi nyuma, wakajaribu tena, naye akiwa amelala pale, mlango wa kabati uking'aa karibu kabisa na uso wake. Mwishowe waling'oa vyuma vya dirisha la chumbani wakampitishia huko. Hospitalini waliambiwa wamechelewa.

Neno hilo la kuchelewa lilihitaji mwenyewe, na watu wakampa shangazi. Seremala naye akampa, si kwa maneno, bali kwa kuacha kukanyaga kwake. Shangazi hakujitetea. Alifunga mkoba wake wa kazi na hakuzalisha tena.

Mke alijua. Alijua kila alipojibana ubavu kupita na beseni la nguo. Lakini mwanamume aliyefukia mtoto wake, utamwambiaje kwamba kilichowazuia ni kile kitu anachojivunia kuliko vyote alivyowahi kuvitengeneza? Mara nyingi alifungua kinywa, akautazama uso wa mumewe, akauliza kama chai imetosha sukari.

Sasa tumbo lilikuwa kubwa tena. Ile wodi aliyotoka mikono mitupu hakutaka kuiona ila kwa lazima. Alitaka kuzalia nyumbani kwake, na mtu aliyemtaka karibu naye alikuwa shangazi. Kila alipomtaja, mumewe alichukua randa akatoka kwenda karakana.

Hivyo mkunga wa pili alimtafuta mwenyewe. Alikutana naye kliniki, akapimwa, akaambiwa mtoto amekaa vizuri. Watu walimwita Mama Masharti, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Mwanamke mmoja kwenye benchi alikuwa amesimulia jinsi mama huyo alivyokataa kumzalisha mpaka mumewe afukie mtaro uliokuwa mbele ya mlango, na jinsi yule mume, mtu wa makeke, alivyoufukia bila kubisha. Wenzake walicheka. Mke wa seremala hakucheka. Alikwenda kumwomba Mama Masharti aje aione nyumba.

Akaja alasiri moja, mfupi, mnene, viatu vya raba miguuni. Aliuliza maji yanatoka wapi na taa ikizimika watafanyaje. Aliuliza gari ni la nani, akaambiwa ni pikapu ya jirani, akaenda mwenyewe kwa jirani kuhakikisha. Aliporudi akaagiza godoro litandikwe sakafuni chumbani, akavua viatu, akalala chali.

"Mimi ndiye mzazi," alisema. "Mambo yameharibika. Nitoeni mpaka kwenye gari."

Mdogo wake seremala, aliyekuwa akipiga msasa kiti uani, alikuwa ameitwa kusaidia. Akamtazama yule mama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, kwa mzigo huu si tungeita winchi kwanza?"

"Na shemeji yako unadhani ni unyoya? Beba, kijana."

Wakabeba, kaka mbele, mdogo nyuma. Mlango wa chumba waliupita. Kwenye kona godoro likagoma. Seremala akasema inua upande wako, mdogo wake akasema nimeinua, rudi nyuma kidogo, siyo hivyo, liinamishe. Mke alikuwa amesimama nyuma yao chumbani. Maneno yalikuwa yale yale na sauti zilikuwa zile zile, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukashika fremu ya mlango. Mdogo mtu utani ulimwisha. Wakamteremsha mama wa watu sakafuni, wanahema.

Mama Masharti hakuinuka. Alilala pale akiitazama milango ya kabati iliyokuwa juu ya uso wake.

"Mara ya kwanza alitokea wapi?"

Seremala alimtazama mkewe.

"Dirishani," mke akasema.

Mkunga akanyanyuka, akavaa viatu, akakung'uta kanga yake. Hakuhubiri. Alisema kabati ni zuri na aliyelitengeneza ni fundi kwelikweli, lakini yeye hamzalishi mtu mahali ambapo hawezi kumtoa. Likikaa hilo, yeye hakai. Akaongeza kwamba hafanyi kazi peke yake, wamtafutie mwanamke mzoefu wa kushika naye. Kisha akaaga.

Seremala alibaki amesimama, kiganja kimelala juu ya mbao.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na shangazi?"

"Alishika godoro upande wa kichwani kwangu. Alijua kabla yangu."

"Akanyamaza, mimi namnunia."

"Tulinyamaza wote, mume wangu. Mtoto ulikuwa umeshampoteza. Tukunyang'anye na kabati?"

Seremala akaifungua milango ya kabati. Mke akaanza kutoa mashuka na mablanketi yaliyokuwamo, akayapanga kitandani. Seremala alijaribu kwanza kuzifungua mbao pale zilipoumana, kwa nyundo na patasi, apate kuziokoa, lakini gundi ilikuwa ya kwake mwenyewe, ilishika. Akachukua msumeno. Mdogo wake alitaka kumpokea, akamkatalia kwa kichwa. Mke alikaa ukingoni mwa kitanda akiusikiliza msumeno ukipanda na kushuka, na kila uliposimama alidhani mumewe ameghairi, kumbe anafuta macho. Vumbi la mbao, alisema baadaye. Mke alikubali kwamba ni vumbi.

Jua lilikuwa bado halijazama alipobeba kipande cha mwisho kwenda uani. Akaoga, akavaa shati safi, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Mke alichungulia dirishani akaona amekata kulia, njia ambayo alikuwa ameiacha muda mrefu.

Alichomwambia shangazi yake huko hakukisimulia kamwe, wala mke hakumwuliza.

Kesho yake asubuhi shangazi alipiga hodi, mkoba wa kazi kwapani. Alikuwa amepungua mwili. Alipofika kwenye kona ya korido alisimama. Pale ukutani lilipokuwa kabati, rangi ilikuwa bado mpya, ile ya mwaka wa harusi. Shangazi akauweka mkoba chini, akanyoosha mikono yote miwili kadiri ilivyofika, na vidole havikugusa ukuta upande wowote. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akauokota mkoba, akaingia chumbani.

"Lala, mwanangu, nikupime," alisema. "Na huyo mwenzangu wa masharti anakuja lini? Nataka tuelewane mapema."