Siku Niliyopimwa kwa Kagure

Nilingoja siku tisa. Nilitaka nimkute Kagure fundi siku ya soko la mifugo, wakati baraza lake limejaa wateja.

Nilikuwa nimemtuma mjukuu wangu Nkirote, wa miaka kumi, akapimwe sare ya shule. Kagure alimzungushia tepu tumboni, akawageukia watu. "Huyu anataka kitambaa cha wasichana wawili! Kwenu mnamlisha nini?" Watu wakacheka.

Tangu siku hiyo Nkirote alivaa sweta kwenye jua la Isiolo, na sahani yake ikawa inarudi jikoni na chakula. Siku ya nne akaniuliza, "Cucu, mbona mlinipa jina lako? Ndiyo maana nimekuwa mnene hivi."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Kwetu Wameru, mtoto akipewa jina la cucu, yaani nyanya yake, ni nyanya amezaliwa tena. Mwanangu Kaburu humwita huyu binti yake "mama". Sasa mtoto alitaka kulivua jina langu kama nguo inayombana.

Siku ya soko nilimshika mkono, nikabeba kitambaa cha kina mama wa kanisa, cha kushona magauni ishirini. Kagure alikuwa ameingojea kazi hiyo tangu Pasaka.

"Karibu, Mama Kaburu! Umetuletea kazi!"

"Anza kunipima mimi. Na usome kwa sauti, kama ulivyomsomea Nkirote."

"Aah, yule ni mtoto, tulikuwa tunataniana tu."

"Yule ni mimi. Ulinipima ukanicheka nikiwa sipo. Sasa nipo, nicheke."

Kagure akanizungushia tepu tumboni. "Arobaini na sita," akanong'ona.

"Wauza miraa wa ng'ambo ya barabara hawajasikia."

"Arobaini na sita!"

"Hapo walikaa watoto sita, na wote wako hai. Haya, shuka kwenye makalio."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa si mwenye mwili, ni mwenye tepu. Jasho lilimtiririka Kagure hadi kidevuni. Sitadanganya, nilifurahi.

Ndipo Nkirote akatoka nyuma yangu. Akavua sweta, akachukua tepu mkononi mwa Kagure, akajizungushia mwenyewe mbele ya watu wote.

"Thelathini na moja," akasoma kwa sauti. "Andika. Kitambaa cha msichana mmoja."

Kagure akatafuta kalamu.

"Usiandike," nikamwambia. Nikabeba kitambaa changu, tukavuka barabara hadi kwa Amino, fundi mwingine.

"Mama Kaburu, rudi tuongee!" Kagure aliita nyuma yetu. Sikugeuka.

Amino alimpa Nkirote kiti kwanza, akamletea maji. Kisha akavuta pazia, akampima kimya. Swali lake lilikuwa moja tu: "Unapenda kuruka kamba? Basi nitakuachia nafasi kwapani." Hilo sitalisahau.

Mchana ule Nkirote alimaliza githeri yake, akaomba nyingine. Nilimpakulia.

Kagure bado hunisalimu sokoni. Namwitikia vizuri, namuuliza habari za nyumbani. Lakini kina mama wa kanisa sasa wanashona kwa Amino, na mwaka ujao, Mungu akinipa uhai, nitawapeleka huko tena.