Nusu ya Wimbo wa Alf

Katika jiji lote la Hull hakuna aliyeijua Klabu ya Kunguru Wawili kama Doreen Tordoff. Ndivyo alivyosema mwenyewe akiwa kwenye foleni ya chipsi, kisha akaongeza kwamba nusu ya miaka yake ya klabuni aliimalizia chooni akijipaka rangi ya mdomo, kwa hiyo ya jukwaani waulizwe wengine.

Jengo lilianza kama ghala la mbegu za kitani. Baadaye likawa klabu, na zulia lake likanywa bia mpaka ukitembea kiatu kinabaki nyuma. Bendi zilipiga, watu wakacheza, ndoa zikafungwa na nyingine zikafunguliwa. Halafu ng'ambo ya barabara zikajengwa fleti, na waliohamia wakashangaa kukuta klabu ya muziki ina muziki. Wakalalamika. Manispaa ikaleta kisanduku chenye taa tatu, kikapigiliwa ukutani. Muziki ukizidi kipimo, taa nyekundu inawaka na umeme wa jukwaani unakatika, mpiga gitaa anabaki akikuna nyuzi kama mwenye upele.

Watu wa Hull hawakufanya fujo. Wapiga ngoma walifunika ngoma kwa taulo za kukaushia vyombo, na wimbo ukikatika, ukumbi mzima uliumalizia kwa midomo. Mambo yaliharibika kwenye nyimbo mpya tu. Hakuna aliyezijua, kwa hiyo hakuna aliyezimalizia.

Malalamiko hayakukoma, na mwishowe klabu ikafungwa, jengo likakatwakatwa kuwa fleti nalo. Majira ya kuchipua yaliyofuata, vipande vilivyobaki vya nyimbo hizo mpya vikaanza kutoka kwenye soketi za ukutani. Kilitoka kimoja kila jioni, mara moja tu, kuanzia pale pale kilipokatwa, hata kama ni katikati ya neno. Sandra Oxtoby wa fleti ya chini alichemshia mayai kwa vipande hivyo. Siku ya wimbo wa huzuni, mayai yalikuwa magumu.

Manispaa ilimtuma bwana mmoja na chombo cha kupimia. Kipande kikatoka, gitaa likalia mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na mshale haukusogea.

"Kimya," alisema yule bwana.

"Na masikio yako, mpenzi?" aliuliza Sandra.

"Masikio yangu hayajaajiriwa na manispaa, mama."

Akanywa chai, akaenda zake.

Doreen alikuwa anasubiri kipande kimoja tu. Marehemu mumewe, Alf, alikuwa mpiga gitaa, na jioni moja alisimama kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulimsifu mwanamke wa koti la manjano aliyesimama kituo cha basi. Doreen hakuwa na koti la manjano. Sheila Wragg, aliyechana tiketi mlangoni, alikuwa nalo. Alf akavuta pumzi aingie ubeti wa pili, taa nyekundu ikawaka.

"Malizia sasa, tuko nyumbani," Doreen alimwambia jikoni.

"Wimbo uliokatwa haurudiwi," alijibu Alf, "mpaka waliokata waje waombe radhi."

Hawakuja. Alf alikuwa mbishi wa kuzaliwa, akaenda na ubeti wake kaburini. Tangu jioni ile Doreen hakumsalimu tena Sheila, hata walipogonganisha vigari dukani. Alitaka kujua kabla hajafa naye: je, alilala miaka yote hiyo kando ya mume wake, au wa Sheila?

Pale lilipokuwa jukwaa sasa palikuwa jiko la Gareth Pym. Gareth aliwahi kukaa zile fleti za ng'ambo, na jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye malalamiko. Aliposikia jengo limekuwa kimya, akahamia. Kila jioni alimfungulia Doreen mlango, kwa sababu adabu ni adabu, akamwekea kiti karibu na soketi.

"Sijui unasubiri nini, Bi Tordoff. Mimi hapa sijawahi kusikia kitu."

"Na huo mguu wako unaotikisika chini ya meza?"

"Damu haitembei vizuri."

Doreen alimwelewa. Mtu aliyefunga klabu kwa kelele atakirije kwamba anawahi kurudi kutoka kazini ili asizikose? Siku moja alimwambia kwamba neno la radhi halitoboi ulimi. Gareth akajibu kwamba sheria ni sheria.

Kisha Doreen akalazwa kwa ajili ya goti. Alipotoka alikuja moja kwa moja na magongo yake, gauni la hospitali likichungulia chini ya sweta. Gareth alimfungulia kabla hajabisha.

"Umetoka?" aliuliza Doreen, akihema. "Wimbo wa Alf?"

"Hakuna kilichotoka. Kimya kitupu wiki nzima."

Doreen akakaa. Alitazama soketi kama mtu anayetazama basi lililokwisha kuondoka. Pengine limepita, pengine halipo, na dereva hasemi.

Gareth aliweka birika motoni, akatafuta vikombe, akawa anavumisha kitu kama wimbo puani, sauti ikipanda na kushuka. Alikuwa amempa mgongo.

"Sukari niweke ngapi, Figili?"

Figili lilikuwa jina la jikoni. Alf alimwita Doreen hivyo uso wake ulipowiva ukawa mwekundu kwa hasira, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna mtoto wala jirani aliyewahi kulisikia. Doreen alikaa nalo kidogo mdomoni. Alihisi uso unawiva vilevile, ila hasira hakuiona ilipo. Maskini Sheila na koti lake, aliwaza. Kesho itabidi kumpelekea keki.

"Umeniitaje?"

"Bi Tordoff."

"Kabla ya hapo."

Gareth akafuta kikombe kilichokuwa kikavu. "Labda uliniambia wewe mwenyewe."

"Sikukuambia."

"Basi Sandra."

"Sandra hajui. Imba, kijana," alisema Doreen, akiegemeza magongo mezani. "Anzia pale ulipokuwa husikii kitu."