Analala Kwenye Kona

Mumewe alikuwa amemwagiza matairi laini, ya bei kali, kwa sababu yeye, kwa maneno yake mwenyewe, hana mchezo na kona. Pikipiki yenyewe ni ile ndogo ya mbio, tanki limetuna kama kifua cha mwenye nayo. Mke akayapeleka dukani matairi yaliyochakaa ili apate saizi.

"Mwenyewe analala kwenye kona?" muuzaji akauliza.

Mke akamkazia macho. "Analala nyumbani. Kwani umesikia nini?"

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. Akamweleza kwamba kulala ni kuinamisha pikipiki unapokata kona. Anayelala sana huhitaji tairi laini linaloshika lami. Anayekwenda wima linamtosha gumu, la bei nafuu, tena hudumu.

"Sasa wewe utajuaje?"

"Tairi halifichi siri, dada. La mtu anayelala huisha pembeni."

Hapo udadisi ukampanda. Akainama, akapitisha kidole juu ya mpira. Katikati palikuwa kipara kitupu. Pembeni, vile vinywele vya mpira vya tangu kiwandani vilikuwa bado vimesimama wima, havijawahi kuonja lami. Akahamia tairi la pili. Yaleyale.

"Nipe magumu," akasema.

Jioni mume akayabonyeza matairi mapya kwa dole gumba, akakunja uso. "Mbona magumu hivi? Haya ni ya watu gani?"

"Ya wanaolala nyumbani," mkewe akamjibu, akaendelea kukunja nguo.