Kura ya Kidimbwi

Ukitaka kujiharibia mambo mtaani Elgon View, sema neno wakati wa Mengineyo, ile ajenda ya mwisho ya mkutano. Madam Perez alilisema. Mwaka jana, mkutano wa wakazi ukiwa umechoka na chai imeshaanza kunukia, alisimama akaeleza, mazungumzo tu, kwamba kila kiumbe kimejengwa kwa seli: mwingine anayo moja basi, mwingine ana matrilioni. Alitaka wakipende kidimbwi kilicho nyuma ya nyumba yake. Kipyego, katibu, akaandika. Mkutano uliofuata kumbukumbu zikasomwa, mmoja akapendekeza maneno hayo yawe kanuni, mwingine akaunga mkono, na jambo likishaungwa mkono pale, hata liwe upuuzi wa aina gani, limekuwa sheria.

Ndiyo maana Jumamosi hii, katika ukumbi wa kanisa, Mzee Obiero mwenyekiti alitangaza kwamba kura haitapigwa tena kwa vichwa. Itapigwa kwa seli.

Kura yenyewe ilikuwa moja: kidimbwi kifukiwe, magari ya wageni yapate pa kuegesha. Ndicho kile kile cha Perez. Alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu kule Chepkoilel, na kwa miaka ishirini, kila akirudi jioni, alichota maji ya kidimbwi kwa kijiko, akayaweka chini ya hadubini iliyo mezani pa chakula, akakaa na waliomo. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Katika daftari la wakazi, penye "Anaishi na", Kipyego aliandika "peke yake" mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko mzuri wa kuudhi.

Obiero alihesabiwa kwanza: mwili wake mpana, wanawe wanane waliojaza benchi la mbele, na mikalitusi sita ya uani kwake, ambayo Kipyego alithibitisha kuwa imeinama upande wa mwenyekiti. Matrilioni juu ya matrilioni. Watu wakapiga makofi.

Perez akaomba kidimbwi nacho kihesabiwe. Obiero akacheka mpaka koti likafunguka kifungo. Wale wa seli moja moja? Hizo si punje tu? Kipyego naye akalalamika kuhusu fomu: inadai umbo, na amiba hana. Saa hii ana miguu mitatu, ukigeuza macho hana hata mmoja. Yeye aandike nini?

Hapo Perez akapandwa na hasira ya kweli. Akawauliza tangu lini umbo likawa shida, na wao wenyewe ndani ni vituko vitupu: seli za damu zimebonyea katikati kama mandazi yaliyokaliwa, za neva nyingine zimerefuka kutoka kiunoni hadi kidole cha mguu, na hakuna hata moja inayoweza kutoka nje ya Mzee Obiero ikajitafutia chakula.

"Lakini yule wa seli moja," akasema, "anakula, anatembea, anazaa, yote mwenyewe, na hamsumbui mtu. Msimwite punje."

Obiero si mtu mbaya, anapenda utaratibu tu. Akaamua kwamba umbo lisimzuie yeyote, ila kwa mujibu wa katiba, mpiga kura sharti awe amehudhuria. Kidimbwi hakikuja. Mikalitusi nayo ilikuwa imebaki nyumbani, kwa hivyo Kipyego akaiondoa kwenye hesabu.

Sasa, Kipyego alikuwa amefungua mkutano kama kawaida yake, kwa kuwanywesha wote mursik, maziwa yaliyochachia kwenye kibuyu. Perez akavitazama vile vikombe vitupu. Akainua mkono, akauliza kama waliomo tumboni mwa wanachama wanahesabiwa kuwa wamehudhuria. Maana kila mtu pale, alisema, amebeba bakteria wanaokaribia idadi ya seli zake mwenyewe, wote wa seli moja moja kama wale wa kidimbwini, na hapo hujaweka wa kibuyu cha Kipyego.

Obiero akajishika tumbo. "Wako humu? Bila kualikwa?"

"Tangu ukiwa mtoto, Mzee. Ni vile hawajawahi kuulizwa."

Aliyehudhuria amehudhuria, akaamua Obiero, na kura ikaitishwa. Obiero akainua mkono, kidimbwi kifukiwe. Tumbo lake likanguruma, mngurumo mrefu, mbele ya watu. Kipyego, ambaye mzaha haujui, akauhesabu kuwa kura ya walio ndani, akaandika: mwenyekiti, nusu anataka, nusu anapinga. Likaitikia la jirani yake, kisha la mwingine, benchi hadi benchi, hadi ukumbi mzima ukawa umegawanyika nusu kwa nusu. Akabaki Perez. Yeye na wa ndani yake walikuwa neno moja. Kidimbwi kikapona kwa kura yake.

Watu wakienda chai, Kipyego akamfuata na daftari. Alionekana kusumbuka.

"Madam, hapa tumekuwa tukiandika 'peke yake'. Sasa kisheria huo ni uongo. Niandike nini?"

Perez alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akajipangusa kwa kiganja.

"Andika tuko wengi," akasema.

Kipyego akatoa rula, akayakata yale maneno mawili kwa mstari ulionyooka, kisha akafungua kurasa za nyuma, akayakata ya miaka yote.