Vibati Ishirini na Nne

Nilisikia kibati kikigonga ubao mara mbili, na mtu aliyekuwa ubaoni alikuwa mmoja tu.

Sikuona kitu. Nilikuwa nimeupa ubao mgongo, naandika saa kwenye daftari la gadi: tisa na dakika ishirini. Nyuma yangu nikasikia ti, halafu tena ti. Nilipogeuka, Garmon, mmoja wa wapiga picha, alikuwa anarudi kwa wenzake, mikono mfukoni, na ubao ulikuwa umejaa.

Ubao wetu una misumari ishirini na nne. Desturi yake ilitoka machimboni. Zamani, kabla baruti haijawashwa, kila mchimbaji aliingia kibandani na kutundika kibati chake cha shaba chenye namba, kwa mkono wake mwenyewe. Ubao ulipojaa ndipo baruti iliwashwa. Machimbo yalifungwa, na reli nyembamba iliyokuwa ikiteremsha vigae vya mawe hadi bandarini ikabaki mikononi mwetu, watu wa kujitolea. Siku za wapiga picha, watu wanapokuja kupiga picha za treni, tunatumia vibati vilevile. Mpiga picha akishuka garini anapewa kibati. Akishaingia malishoni, ndani ya kamba, mbali na reli, anakitundika kwenye ubao ulio kando ya kamba. Ubao ukijaa, maana yake hakuna mtu relini, na gadi, msimamizi wa safari ya treni, anaweza kuonyesha bendera ya kijani. Kumtundikia mwenzako kibati hakukubaliki hata kwa utani. Makaburini kwetu wamo watu waliotundikiwa.

Siku ile gadi nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na ilikuwa wiki ya tatu tangu nifaulu mtihani wa kanuni, baada ya kuusomea majira matatu ya baridi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu. Bado nilikuwa chini ya uangalizi. Kusimamisha treni bila sababu kungetosha kunirudisha kukata tiketi.

Treni ilikuwa imepanda kupitia handakini na kusimama mbele yake kidogo. Behewa langu la gadi, lililokuwa la mwisho, lilikuwa hatua arobaini tu kutoka kwenye mdomo wa juu wa handaki. Mpango ulikuwa rahisi: treni irudi nyuma, ipite handaki lote, kisha ipande tena kwa nguvu na moshi mwingi huku kamera zikiwa tayari. Ilitakiwa ifanyike upesi. Mawingu yalikuwa yanatoka baharini, na jua lilibakiwa na upenyo mmoja chini yao. Halafu kulikuwa na fimbo. Njia yetu ni moja, na treni haina ruhusa kuingia kipande chochote bila dereva kuwa na fimbo ya kipande hicho mkononi. Treni ya abiria ilikuwa stesheni ya chini ikiingoja fimbo yetu, na tulipewa mpaka saa kumi kasoro dakika ishirini.

Zaidi ya yote, ilikuwa siku ya mwisho ya Morfudd, injini yetu ya mvuke. Cheti cha boila lake kilikuwa kinaisha siku ile. Kesho yake wangeanza kumfungua vipande vipande, na hakuna aliyeweza kusema kama angerudi relini baada ya miaka mitano au kumi.

"Nesta!" Emlyn, dereva, alichungulia dirishani, uso umejaa masizi. "Ubao umejaa, nauona kutoka hapa. Bendera!"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini, chai? Stimu imefika juu kabisa huku."

Wapiga picha walianza kugeuka. Nikaenda hadi kwenye kamba.

"Shemasi," nikamwambia Garmon. "Umetundika vibati vingapi?"

Akatabasamu. "Kimoja, dada. Mikono ninayo miwili, lakini kibati nilipewa kimoja."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Garmon ni shemasi wa kanisa letu. Kila Jumatano tunapiga magoti benchi moja. Mume wangu alipokuwa anakata roho, mkono wake wa kulia niliushika mimi na wa kushoto aliushika yeye. Ningemwita mtu huyu mwongo mbele ya watu ishirini, ningerudije kwenye benchi lile?

Nikaanza kuhesabu vichwa. Ishirini na mmoja. Nikarudia, ishirini na wawili. Malisho yale yana mteremko, na juu yake kuna ukuta wa mawe wa kuzuia kondoo. Wengine walikuwa wamejipanga nyuma ya ukuta, unaona kofia, mara huioni.

"Naomba wote mshuke mje hapa kwenye kamba," nikasema.

"Ati nini?" alifoka mtu mmoja mwenye koti jekundu. "Nimekaa hapa juu toka saa nane! Nikishuka, huyu bwana atakaa mahali pangu!"

"Nitakaa kweli," akajibu bwana wa pembeni yake.

"Mama Bendera, jua hilo halifuati kanuni zako!"

"Mwacheni, ndiyo kwanza ametoka darasani."

Nikaita majina kutoka kwenye orodha. Mmoja mmoja walijibu, wengine kwa kubeza, mmoja alibweka kama mbwa wa kondoo. Nikafika jina la kumi na saba.

"Talfryn!"

Kimya.

"Talfryn!"

"Yuko kule juu, nyuma ya ukuta," Garmon akasema. "Unamwitaje kiziwi hivyo? Hata Morfudd apige king'ora, mzee yule hasikii."

Ilikuwa kweli. Talfryn alikuwa na miaka themanini na mmoja, na masikio yake yalikuwa yameharibika kwa kazi ya miaka mingi. Ujana wake wote alikuwa mchochea moto wa Morfudd. Siku hizi alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyekuwa hajui kwamba madaktari hawakumpa muda mrefu. Asubuhi, nilipompa kibati chake, aliniambia, "Nesta, mimi nataka picha moja tu. Na hiyo haipigwi kutoka malishoni." Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Nikamfunga kifungo cha koti na kumpa kipande cha mkate wa zabibu.

Sasa maneno yale yalinirudia yote.

"Nesta!" Emlyn tena. Safari hii hakutania. "Tumebakiwa na dakika kumi na mbili. Ama nipe bendera ama useme kuna nini."

Ningesema nini? Kwamba nimesikia ti mbili? Ubao ulikuwa umejaa. Shemasi alikuwa amesema kimoja. Kanuni ilikuwa upande wao, na upande wangu yalikuwepo masikio ya mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Jua lilishuka kwenye upenyo wake, malisho yote yakawa ya dhahabu, na watu wakaanza kupiga kelele kwa pamoja. Mkono wangu wenye bendera ya kijani ulianza kuinuka. Uliinuka mpaka kiunoni.

Hapo nikaomba, bila kufumba macho. Bwana, kama nimekosea, aibu iwe yangu peke yangu.

Nikaikunja bendera. Nikatembea kando ya mabehewa yote manne hadi kwenye injini, nikapanda ngazi, na kabla Emlyn hajasema neno nikaichomoa fimbo kwenye kishikizo chake.

"Wee! Unafanya nini?"

"Bila hii huwezi kusogea."

"Najua siwezi kusogea! Fimbo ni ya dereva, Nesta! Umeingiwa na nini?"

"Naingia handakini. Nikitoka nitakurudishia."

Sikungoja jibu. Nyuma nilisikia mtu akisema nimerukwa na akili. Nilipopita kwenye kamba, nilimtazama Garmon. Alikuwa ameacha kutabasamu. Laiti angesema hata hapo.

Ndani ya handaki kulikuwa na baridi, maji yakidondoka, harufu ya moshi wa saa ile na wa miaka mia moja. Nilikuwa na taa yangu ya mkononi na fimbo kwapani. Njia imepinda kidogo. Ukipita pale kwenye mpindo, mdomo wa chini unaonekana wote, umeelekea magharibi. Siku ile ulikuwa unawaka. Jua lilikuwa limeingia moja kwa moja ndani, na moshi uliobaki ulielea katika nuru ile kama pazia.

Katikati ya nuru alikuwa ameinama mtu.

Alikuwa amenipa mgongo. Miguu mitatu ya kamera ilisimama juu ya mataruma, katikati ya reli, na jicho lake lilikuwa limebanwa kwenye kamera, akitazama chini, upande ambao Morfudd angetokea akiwa na jua nyuma yake. Lakini kabla ya kutokea upande ule, treni ingekuja kinyumenyume kutoka upande huu, behewa langu likiwa mbele.

Nikaita jina lake, ingawa nilijua halina faida. Nikaogopa kumgusa asije akaanguka. Nikaupiga mwanga wa taa ukutani mbele yake, kushoto, kulia, mpaka akageuka.

"Nesta? Treni iko wapi?"

Nikamsogelea ili aione midomo yangu. "Inangoja. Talfryn, ungekufa hapa."

"Aa, wapi!" Akacheka kidogo. Akaonyesha mguu wake wa kushoto. Kiatu kilikuwa juu ya reli. "Masikio yamekufa, miguu haijafa. Reli hutetemeka treni ikiwa bado mbali. Ningetoa kamera, nikaingia kwenye tundu lile la ukutani, ikapita, nikarudi. Tulifanya hivyo kila siku."

"Lini?"

"Zamani."

Nikainama, nikamulika chini ya reli. Mwaka ule mwezi wa tatu tulikuwa tumebadilisha mataruma ya handaki lote na kuweka vipande vya mpira chini ya reli, ili zisitetemeke na kuliwa haraka. Mimi mwenyewe nilivibeba. Talfryn alikuwa hospitalini mwezi ule. Aliinama pole pole, akagusa mpira kwa kidole. Kisha akautoa mguu wake juu ya reli, akautazama kama si wake.

Tulikuwa tukikunja miguu ya kamera aliposimama ghafla, akatazama mdomo wa chini. Dhahabu ilikuwa inaondoka. Ikawa njano, ikawa kijivu, na moshi ukawa moshi tu.

"Limekwenda," alisema.

"Limekwenda, mzee wangu. Nishike mkono."

Tulitokea mdomo wa juu. Mwenye koti jekundu alivua kofia. Talfryn alienda ubaoni, akaondoa kibati namba kumi na saba, akakishika muda mrefu, kisha akakitundika tena mwenyewe.

Garmon alinifuata behewani. Uso wake ulikuwa kama jivu. "Aliniomba, Nesta. Aliniambia hana mwaka mwingine. Nikafikiri, mtu anakufa, anataka picha moja..."

"Angekufa hata kabla ya kuipiga, shemasi."

Akashika mlango. "Utaandika?"

"Nitaandika. Na jina langu litakuwemo, kwa kuwa niliupa ubao mgongo."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi niletee nisaini."

Nilimrudishia Emlyn fimbo kwa mikono miwili.

"Miaka thelathini," alisema, "hakuna gadi aliyewahi kuninyang'anya fimbo."

"Nisamehe, Emlyn."

"Usiombe msamaha." Akaifuta fimbo kwa kitambaa chake ingawa haikuwa chafu. "Ila usizoee."

Muda wa kupanda tena ulikuwa umekwisha. Tulirudi nyuma kwenda stesheni ya chini bila picha ya mwisho. Talfryn nilimweka pembeni yangu kwenye behewa la gadi, mkono wangu ukiwa kwenye breki. Tulipolipita lile tundu la ukutani nilimulika taa nje. Mabehewa ya siku hizi ni mapana kuliko magari ya vigae ya wakati wake, na jiwe la ndani kabisa la tundu lilipita karibu na dirisha kiasi cha kiganja kimoja. Aliliona. Akautafuta mkono wangu.

Stesheni, treni ya abiria ilipokwisha kuondoka na fimbo, Emlyn alikuwa anampeleka Morfudd bandani, hatua mia mbili hivi, kwenda kuzimwa moto. Alimwona Talfryn amesimama jukwaani na kamera begani. Akampungia mkono, akamwonyesha ngazi.

"Panda, mzee. Mpaka bandani tu."

Tukamsukuma juu mimi na Garmon, mmoja kila upande. Emlyn akafungua stimu kidogo kidogo. Nilitembea kando yao na bendera yangu. Talfryn hakuigusa kamera. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye chuma, amefumba macho, na kwa muda nilidhani anaomba.

Kisha akafumbua macho na kumgonga Emlyn begani.

"Upande wa kushoto kuna kitu kimelegea," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia anaposema. "Kesho wakianza kumfungua, waanze upande huo."