Mgeni Aliyepewa Jembe

Mpishi wa shule waliyemwita Mama Cheche hakulipata jina hilo kwa kuwasha kuni. Akikasirika, mwiko uliruka. Safari ya mwisho ulimkosakosa bwana stoo ukatua kwenye ndoo ya maziwa, na mwalimu mkuu akasema mwiko ukiruka tena, mwenye mwiko ataufuata.

Jioni alikwenda kulalamika kwa bibi yake aliyemlea. Bibi alimsikiliza huku akichambua mchele, kisha akamtegea kitendawili: "Mgeni wangu akiingia, mwenye nyumba hutoka."

Mjukuu akafikiri, akashindwa, akampa mji.

"Hasira," bibi akasema. "Ikiingia, akili inatoka. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako usimngoje hiyo ya tatu. Mpe jembe pale pale mlangoni."

Jembe lenyewe likawa uwanja wa shule. Bwana stoo akimletea kuni mbichi, Mama Cheche alijifunga kibwebwe, akaacha mwiko jikoni, akauzunguka uwanja mpaka moyo utulie. Kuni mbichi, mizunguko mitatu. Chumvi ikisahaulika, mitano.

Ikaja siku ya michezo. Kulikuwa na mbio za wafanyakazi, jiko na ofisi, na atakayeshindwa atasugua sufuria kubwa kila Ijumaa muhula mzima. Sufuria ile ukiisugua unaingia kichwa na mabega, miguu inabaki nje. Mama Cheche alikuwa ameingia humo miaka tisa. Alitamani Ijumaa moja tu ya kukaa kitako.

Upande wa ofisi alikimbia bwana stoo, naye hakuwa mjinga. Alishaona kwamba mama huyu bila hasira ni konokono. Wiki ile nzima akageuka asali: kuni kavu mpaka mlangoni, chumvi kabla haijaombwa, na kila asubuhi, umeamkaje dada yangu. Mama Cheche akaingia uwanjani amelainika kama uji wa mgonjwa.

Filimbi ikalia. Kufika nusu, bwana stoo yuko mbele hatua ishirini, na mama anaitafuta hasira kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akajaribu kukumbuka zile kuni mbichi, hata hizo zikamjia zimekauka.

Bwana stoo angenyamaza, angeshinda. Lakini ulimi hauna mfupa. Aligeuka akacheka. "Dada, kuni kavu zimeisha leo. Jumatatu tunarudi kwenye mbichi."

Mgeni akaingia bila hodi. Mkono wa Mama Cheche ukapapasa kiunoni kutafuta mwiko. Bahati ulikuwa jikoni. Basi akampa mgeni jembe. Kwenye kona ya mwisho alimpita bwana stoo kama moto wa nyikani, vumbi likaingia kinywa kilichokuwa bado wazi kwa kicheko. Alipokata utepe alitaka kumtukana, pumzi hakuna. Akampungia mkono tu.

Ijumaa ile miguu miwili ilichomoza kwenye sufuria kubwa, na ndani humo mtu akinguruma. Mama Cheche, amekaa kitako, akaigonga sufuria kwa mwiko, taratibu.

"Kaka yangu," akasema, "ukizidiwa, uwanja uko wazi."